Kibao cha Magamba: jina la biashara linamlinda nani?

Kuna kibao kimoja kilisimama Magamba kwa muda wa miezi saba hivi. Magamba ninayoizungumzia ni ya kwetu, Mpanda, mkoa wa Katavi, siyo ile ya Lushoto yenye baridi na matunda. Kibao kilikuwa cha bati, rangi ya bluu, maandishi meupe, na jina tamu kweli, jina la kukufanya uamini. Sitalitaja. Kampuni ile ilikuwa inajenga nyumba na kufyatua matofali, ina vijana kama ishirini hivi, na vijana hao walikuwa wanakula kwa mama yangu mdogo.

Mama mdogo ni mama lishe. Asubuhi chai na maandazi, mchana ugali maharage, siku ya mshahara wali na nyama. Msimamizi wa kampuni alimwambia, "Mama, wewe wape chakula, andika kwenye daftari, mwisho wa mwezi kampuni inalipa." Miezi miwili ya kwanza kampuni ikalipa. Mwezi wa tatu ikasema subiri. Wa nne ikasema subiri kidogo. Mwezi wa tano hapakuwa na mtu wa kusema subiri. Vijana wametawanyika, msimamizi hapatikani kwenye simu, kimebaki kibao tu. Daftari linasoma shilingi milioni moja na laki tatu na ushee.

Hiyo ilikuwa mwaka 2019. Mama mdogo akafunga daftari kwenye kanga, akaenda Mahakama ya Mwanzo. Karani akamwuliza swali moja tu, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Mama, unamshtaki nani?"

Akataja jina la kwenye kibao. Karani akamwambia kwa upole, "Hilo ni jina la biashara. Mwenyewe nani?"

Usiku ule akanipigia simu Dar. Shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu, halafu moja kwa moja: "Wewe si mwandishi wa habari? Nitafutie huyo mwenyewe."

Nikaona aibu kidogo. Nimeandika habari za biashara kwa miaka kadhaa, nimekaa kwenye mikutano ya waandishi na kula vitafunwa vya makampuni, lakini swali la karani sikuwa nalijibu vizuri. Kampuni ina jina lake. Halafu inafanya biashara kwa jina jingine. Inaruhusiwa? Na kama inaruhusiwa, mimi na wewe tutajuaje nani yuko nyuma ya kibao? Nikaanza kusoma. Nilidhani nitakuta mambo makavu ya fomu na mihuri. Nimekuta vita, wafalme, Wajerumani, na hata mgodi wetu wa Mpanda.

Haya, twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu kampuni. Kisheria kampuni ni mtu. Haina damu, haina kabila, haiendi msibani, lakini ni mtu: inamiliki, inadai, inadaiwa, inashtaki na inashtakiwa kwa jina lake yenyewe. Kesi inayofundishwa kwenye vyuo vyote vya sheria ni ya fundi viatu wa London, Aron Salomon. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Wanahisa wakawa yeye, mke wake na watoto wao watano. Biashara ikaanguka, wadai wakamjia yeye: lipa, kwani kampuni si ni wewe? Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema hapana. Salomon ni mtu mmoja, kampuni ya Salomon ni mtu mwingine. Deni la kampuni ni la kampuni.

Unaweza kukasirika, lakini dunia ya biashara ya leo imejengwa juu ya uamuzi huo. Na Waingereza walikuwa wameshajua hatari yake mapema. Sheria yao ya mwaka 1855, iliyoruhusu wenye hisa wasidaiwe zaidi ya walichoweka, iliweka sharti moja: jina la kampuni liishie na neno Limited. Sisi tunaliona neno hilo kama nishani, mtu akiandika "Limited" mwisho wa jina anajiona amefika. Kumbe lilianza kama onyo! Ni kama ile alama ya fuvu kwenye nguzo za umeme. Linamwambia anayekopesha: angalia mzee, hawa ukiwadai mwisho wako ni mali ya kampuni, nyumbani kwao hufiki.

Sasa fikiria. Kampuni yenye "Limited" kwenye cheti inaamua kibaoni iandike jina jingine, fupi, tamu, lisilo na Limited. Lile onyo limekwenda wapi? Limebaki kabatini. Mama mdogo anaona bati la bluu tu.

Ndiyo maana kuna daftari la majina ya biashara. Wengi wetu tunafikiri tunasajili jina ili kujilinda sisi wenye biashara, lisiibwe. Siyo hivyo hasa. Daftari lilianzishwa kwa ajili ya mtu aliye upande wa pili wa kaunta.

Tena lilizaliwa kwa hofu. Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza inaanza. London, Liverpool na miji mingine ya Uingereza ina maduka ya Wajerumani, waokaji mikate, wauza nyama, vinyozi, waliokaa huko miaka mingi. Mei 1915 manowari ya Kijerumani ikaizamisha meli ya abiria Lusitania, wakafa watu zaidi ya elfu moja. Wananchi wakaingia mitaani, wakavunja maduka yenye majina ya Kijerumani. Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungebadilisha kibao. Mtu aliyekuwa anajiita kwa jina la babu yake wa Hamburg anaamka asubuhi dukani kwake kumeandikwa jina la Kiingereza safi kabisa.

Serikali ikaingiwa na wasiwasi: tutajuaje nani ni nani? Mwaka 1916 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara. Ukifanya biashara kwa jina ambalo si jina lako halisi la ukoo, nenda kasajili. Sema jina lako la kweli, sema unaishi wapi, sema uraia wako, na kama umebadilisha uraia sema ulikuwa wa wapi kabla. Kwenye barua zako za biashara chapisha majina ya wenyewe. Msajili alipewa hata amri ya kukataa jina lenye neno "British" kama wenyewe si Waingereza na jina linapotosha. Na kwa asiyesajili kulikuwa na adhabu iliyofikiriwa vizuri: mbali na faini, hakuweza kwenda mahakamani kudai haki zake za mkataba uliotokana na biashara hiyo, mpaka mahakama imwonee huruma. Yaani ukijificha, mahakama nayo inakufungia mlango. Lakini wewe unaweza kushtakiwa kama kawaida.

Kichekesho ni hiki. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1917, mfalme mwenyewe wa Uingereza, George wa Tano, alibadilisha kibao. Ukoo wake ulikuwa na jina la Kijerumani, Saxe-Coburg-Gotha. Akatangaza kwamba kuanzia sasa sisi ni Windsor, jina la ngome yao moja. Watu ni wale wale, jina jipya. Ila yeye hakuhitaji kupanga foleni kwa msajili.

Utaniuliza, Magamba inaingiaje hapo? Inaingia. Mwaka huo huo wa 1916 vita ilikuwa nyumbani kwetu. Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliingia Tabora. Huku kusini ya kwetu, kwenye ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa wameibandika Kasanga jina la Bismarckburg, kwa heshima ya waziri wao mkuu, na mwaka huo wakaipoteza. Kasanga ikarudi kuwa Kasanga. Nchi nzima ilikuwa inabadilishwa vibao. Deutsch-Ostafrika ikawa Tanganyika, ardhi ni ile ile, kodi ya kichwa ni ile ile.

Hapa niseme neno moja kuhusu Wajerumani, kwa sababu kwenye somo hili walikuwa na wazo zuri. Sisi tunasema "firma" tukimaanisha kampuni. Katika sheria yao ya biashara, iliyoanza kutumika mwaka 1900, Firma maana yake ni jina. Jina ambalo mfanyabiashara hulitumia kufanyia biashara na kuweka sahihi. Neno lenyewe linatokana na sahihi, kule kuthibitisha kwa mkono. Kwa hiyo kwao jina na ahadi ni kitu kimoja. Ukilitumia jina, umeweka sahihi. Nimelipenda hilo.

Waingereza waliposhika Tanganyika walileta sheria zao kwenye masanduku kama walivyoleta chai. Sheria ya kusajili majina ya biashara ilitungwa hapa mwaka 1930. Ile ya makampuni ikafuata mwaka 1932. Kwenye orodha ya sheria zetu zimekaa jirani: Sura ya 212 ni makampuni, Sura ya 213 ni majina ya biashara. Ya makampuni tumeiandika upya mwaka 2002. Ya majina, pamoja na marekebisho ya hapa na pale, ni ile ile ya mkoloni. Uingereza wenyewe walishaifuta ya kwao, wakafunga daftari lao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi bado tunalo. Na safari hii, msomaji wangu, sitasema tumechelewa. Nitaeleza kwa nini.

Sura ya 213 inataja watu wa aina tatu wanaotakiwa kusajili. Mtu mmoja anayefanya biashara kwa jina lisilo lake. Washirika wanaofanya biashara kwa jina lisilo la kwao. Na kampuni inayofanya biashara kwa jina ambalo si jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti. Huyu wa tatu ndiye tunayesahau. Wengi tunadhani ukishakuwa na cheti cha kampuni umemaliza, bandika kibao chochote. Hapana. Kampuni ikiongeza neno, ikipunguza neno, au ikijiita kitu kingine kabisa kwenye biashara yake, lile jina la pili nalo linatakiwa liingie kwenye daftari, na mbele yake liandikwe jina la kampuni yenyewe. Waingereza waliyaingiza makampuni yao kwenye mtego huo mwaka 1947, baada ya kugundua kwamba kampuni nazo zina tabia ya kujificha.

Turudi Mpanda. Mji wetu wenyewe umezaliwa na kampuni yenye jina lake la karatasini. Wazee wa Mpanda wanajua habari za mgodi wa Mkwamba. Yalikuwa ni madini ya risasi, siyo ya bunduki, ile risasi yenyewe, pamoja na fedha, shaba na dhahabu kidogo. Baada ya vita kuu ya pili dunia ilikuwa na njaa ya risasi, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, takriban kilomita 210 kupita kwenye miombo na mbung'o. Treni tunayoipanda mpaka leo, ile inayotufikisha Tabora tukiwa tumejaa vumbi na stori, haikuletwa kwa ajili yetu. Ililetwa kwa ajili ya mawe.

Mwenye mgodi aliitwa nani? Mtaani ni "mgodi wa Mpanda". Mahali penyewe ni Mkwamba. Lakini kwenye karatasi mtu aliyekuwa anamiliki, anadai na kudaiwa, aliitwa Uruwira Minerals Limited. Uruwira ni jina la huko huko kwetu, nchi ya Wakonongo. Kwa hiyo kampuni ilichukua jina la Wakonongo ikaliongezea Limited. Majina matatu, shimo moja. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Fikiria kijana aliyesafiri kutoka Ufipa au Kigoma kuja kuchimba, miaka kumi baadaye anatafuta haki yake. Akiandika barua kwa "Mgodi wa Mpanda" ameandika kwa shimo. Lazima ajue neno Uruwira, na lile neno la mwisho pia. Nani alimfundisha?

Mji umebaki na kumbukumbu ya mambo hayo kwenye majina. Tuna kata nzima inaitwa Mpanda Hotel. Mgeni akisikia anauliza bei ya chumba!

Na tusisahau, Mwafrika wa wakati huo alikuwa nje ya mchezo wenyewe. Kulikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa "wenyeji", tangu miaka ya 1920 na kukazwa miaka ya 1930: mfanyabiashara asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji bila kibali cha maandishi, hawezi kumdai mahakamani. Ilisemwa ni kumlinda Mwafrika na madeni. Matokeo yake muuzaji wa jumla hakumkopesha, na bila mali kauli duka halikui. Wahindi walikuwa na majina yaliyokopesheka. Angalia akina Karimjee Jivanjee: babu alianza Zanzibar karne ya 19, na baadaye jina la biashara likageuka kuwa jina la ukoo lenyewe. Sisi tulikuwa na majina ya ubatizo na namba ya kodi.

Likaja Azimio la Arusha 1967, na miaka iliyofuata vibao vya watu vikashuka vikapanda vya herufi. NBC, NMC, STC, RTC. Mtoto wa miaka ya sabini alijifunza alfabeti kwa mashirika ya umma. Wakati huo hakuna aliyeuliza nani yuko nyuma ya kibao, jibu lilikuwa moja: serikali. Ukidhulumiwa na RTC unakwenda kwa mkuu wa mkoa, na kwetu mkuu wa mkoa alikuwa Sumbawanga, maana Mpanda ilikuwa Rukwa mpaka Katavi ilipozaliwa mwaka 2012.

Soko likafunguliwa, miaka ya themanini mwishoni na tisini, na vibao vikarudi kwa fujo. Serikali ikaunda wakala, BRELA, ulioanza kazi Desemba 1999 chini ya sheria ya wakala za serikali ya 1997. Kazi yao moja ni kulitunza daftari lile la 1930. Tatizo daftari lilikuwa Dar es Salaam, jengo la Ushirika, mtaa wa Lumumba. Mtu wa Magamba akitaka jina apande treni mpaka Kaliua, Tabora, halafu Dar, alale kwa ndugu Manzese, aambiwe jina limeshachukuliwa, afikirie jina jingine akiwa kwenye foleni. Nauli kubwa kuliko ada. Ndiyo maana vibao vingi vya mikoani havikuwahi kuliona daftari. Siwalaumu sana. Kuanzia mwaka 2018 mambo yanafanyika kwa mtandao, ukiwa na intaneti na kitambulisho cha taifa unaomba jina ukiwa Makanyagio umekaa chini ya mwembe.

Hapa nikupe mfano wa vibao ambao kila mmoja wetu ameuishi. Mwaka 1994 Watanzania tulianza kuona simu za mkononi za Mobitel. Baadaye tukasikia Buzz. Katikati ya miaka ya 2000 ikawa Tigo. Watu walisema kampuni imeuzwa, imekufa, imekuja nyingine. Kumbe kwenye karatasi muda wote huo mwenyewe alikuwa mmoja, MIC Tanzania. Jina la kwenye mkataba halikuwa na uhusiano na fulana za bluu. Mwaka 2022 wenye hisa wakabadilika, na kampuni yenyewe ikabadilishwa jina ikawa Honora Tanzania, lakini mtaani kibao kikaendelea kuwa Tigo! Mpaka Novemba 2024 kikashuka, ikapanda Yas. Umeona mchezo? Mara jina la mtaani linabadilika na la karatasi linabaki, mara la karatasi linabadilika na la mtaani linabaki.

Linganisha na Celtel. Ilipokuwa Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010, kampuni yenyewe ilibadilishwa jina kwenye cheti. Hiyo ni njia nyingine. Ni kama mtu kubadili jina kwa hati ya kiapo. Njia zote mbili ni halali. Na hata jina likibadilishwa kwenye cheti, mtu hafi. Madeni yanahama naye.

Wenzetu Marekani wana utaratibu ambao sisi waandishi wa habari tungeupenda. Kampuni ikitaka kufanya biashara kwa jina la pili, majimbo mengi yanataka isajili, na wao wanaliita bila haya "jina la kubuni". Kule California lazima ulitangaze gazetini, mara moja kwa wiki, wiki nne mfululizo. Magazeti madogo ya mitaa yanapata pesa ya chai hapo. Sababu ni ile ile ya 1916, ila bila Wajerumani: majirani wajue.

Sasa tuseme wazi kitu ambacho usajili haufanyi, maana hapa ndipo vijana wenzangu wengi wanapoumia. Jina la biashara halizai mtu. Ukiwa na kampuni moja na majina manne ya biashara, duka la dawa, hoteli, usafirishaji na studio, huna watu wanne. Una mtu mmoja mwenye kofia nne. Hoteli ikidaiwa, basi lako linaweza kuuzwa. Wala usajili huo haukupi umiliki wa jina kama mali. Ukitaka kulinda nembo na jina la bidhaa kuna daftari jingine, la alama za biashara na huduma, chini ya sheria ya 1986. Wala haukuvushi bahari. BRELA ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana wakala wao wa usajili wa biashara na mali, na sheria zao.

Mama mdogo nilimweleza kwa mfano wa kanga. Kila kanga ina jina lake, maneno yale ya pale chini. Watu wanasoma, wanacheka, wengine wanakasirika. Lakini kanga hata iwe na maneno gani, ukitaka ugomvi hugombani na kanga, unagombana na aliyeivaa. Akanijibu, "Sasa huyo aliyeivaa yuko wapi?"

Nikafanya upekuzi BRELA. Nikajaza jina la kwenye kibao, nikapata namba ya malipo, nikalipa ada, nikasubiri. Nilikuwa na wasiwasi, nikajua litakuja "halipo". Likaja lipo. Lile jina tamu lilikuwa limesajiliwa kama jina la biashara, na mwenye jina ni kampuni yenye jina tofauti kabisa, jina la herufi tatu na Limited mwishoni, yenye anwani kwenye mkoa mwingine. Mtu fulani siku fulani, labda kwa sababu benki ilimlazimisha ili afungue akaunti, alijaza ile fomu ya mwaka 1930. Na fomu hiyo ikaja kumsaidia mama lishe wa Magamba ambaye hakuwahi kuisikia.

Tukaandika barua. Siyo kwa kibao. Tuliandika jina kamili la kampuni, Limited ikiwemo, "inayofanya biashara kwa jina la", halafu lile la kwenye bati. Tukaambatanisha nakala za daftari lenye sahihi ya msimamizi. Wiki tatu kimya. Ya nne ikaja simu, mtu mzima, anaongea taratibu, anamwita mama mdogo "mama yangu". Alipeleka laki tano, baada ya miezi miwili laki nne. Zilizobaki bado ziko kwenye daftari. Mama mdogo anasema zile ni za mafuta na chumvi, za unga na maharage zimerudi.

Usifikiri hadithi imeisha vizuri kwa kila mtu. Jirani yake, kijana mwenye mkokoteni wa punda, mwaka uliotangulia alipeleka mchanga na maji kwa wajenzi wengine, nao walikuwa na kibao. Akaniomba nimtafutie na yeye. Nikatafuta kwenye majina ya biashara, nikatafuta kwenye makampuni. Hakuna kitu. Jina lile lilikuwa ni rangi tu juu ya bati, mwenye nalo hayupo kwenye daftari lolote. Nikampigia nikamwambia. Akauliza, "Kwa hiyo nilimfanyia kazi nani?" Sikuwa na jibu, mpaka sasa sina.

Hapo ndipo niliposema sitaki tufute sheria ile kama Waingereza. Kwao mwenye mashaka anaweza kuwa na mwanasheria, wenye biashara wanalazimika kuandika jina la kweli dukani na kwenye karatasi, na mahakama iko karibu. Kwetu mama lishe ana daftari la shule na maneno ya msimamizi. Lile daftari jingine, la serikali, ndilo pekee linaloweza kuyaunganisha maneno hayo na mtu. Lilitungwa kwa chuki dhidi ya Wajerumani, likaletwa na mkoloni kwa ajili ya wafanyabiashara wake, lakini likifunguliwa kwa upande wetu linatusaidia.

Basi wewe unayesoma, ambaye pengine una kampuni uliyoisajili na wenzako wa chuo, na mmeshaibandika jina la kijanja kwenye ukurasa wa Instagram, nenda kasajili hilo jina la pili. Siyo kwa ajili yako. Na wewe ambaye huna kampuni lakini unazipikia, unazipigia picha, unaziandikia programu za kompyuta kwa mali kauli, kabla hujaanza kazi uliza swali la yule karani. Mwenyewe nani? Andika jibu juu ya mkataba, au juu ya daftari kama mkataba huna.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Kibao cha bluu kimeng'olewa. Mama mdogo amekigeuza, amekifanya mlango wa banda la kuni, maandishi yameangalia ndani. Mbele ya banda ameandika kwa mkaa bei ya ugali, na chini yake, kwa herufi kubwa, jina lake mwenyewe.